Kesi ya Nguruwe Weusi

Jumatatu, 3 Machi

Mwaka mmoja na nusu na ushei tangu niondoke nyumbani. Niliaga kwamba naenda kwa miezi mitatu. Mke wangu alinifungia chakula cha njiani katika kitambaa cha maua. Kitambaa hicho sasa nakisokomeza chini ya mlango, panya wasiingie.

Leo makubwa. Mheshimiwa ametuita bandani asubuhi, mimi na Shemeji, matope yametufika magotini. Mheshimiwa ndiye mwenye shamba. Alikuwa hakimu tangu ujana wake. Amestaafu, lakini mahakama haijamtoka mwilini. Hata kuku wakigombana uani husimama akasikiliza pande zote mbili.

Kasema amechoka na nguruwe weupe wa kisasa. Wanakua upesi, wanabebwa na madalali, na nyama yao haina ladha hata ukiitia chumvi kilo nzima. Anataka mbegu ya zamani, waliyofuga mabibi zetu, inayokua taratibu na kula majani na mizizi. Watu waje wenyewe getini wanunue nyama yenye utamu wake, dalali akae mbali. Ndiyo maana mwaka jana alileta mbegu mbili kuzijaribu. Weusi ni wanene, wapole, masikio yamewaangukia machoni mpaka hawajui mchana ni nini. Wekundu wana miguu mirefu, masikio wima na pua ndefu, nao hawatulii. Shamba ni dogo. Mbegu moja ibaki, nyingine iondoke.

Weusi nalisha mimi. Wekundu analisha Shemeji. Mwisho wa mwezi atachinjwa mmoja kila upande, wateja waitwe waonje bila kuambiwa ipi ni ipi, kisha Mheshimiwa atoe hukumu. Mlishaji wa upande utakaoshinda atakuwa msimamizi wa mabanda. Na atapewa ile nyumba ya matofali karibu na kisima. Vyumba viwili! Mlango wa mbao, una kufuli! Anaruhusiwa kuleta familia.

Shemeji ni kaka wa mke wangu. Kazi hii alinitafutia yeye, na hajawahi kunikumbusha, jambo linaloniudhi zaidi kuliko kama angenikumbusha. Tunalala chumba kimoja nyuma ya stoo ya pumba. Anakoroma kama mtu anayeburuta kabati. Hajaoa. Vyumba viwili vya nini? Akoromee kimoja, kingine kipumzike?

Jioni nimempigia mke wangu. Nimemwambia afungashe, shule zikifungwa Aprili nakuja kuwachukua. Akasema taratibu: "Baba watoto, ulisema mvua zikianza. Ukasema mvua zikiisha. Shule zikifungwa kama hatuko pamoja, mimi na watoto tunahamia kwa mama. Na huko ukija, utakuja kama mgeni. Utabisha hodi."

Nimemwambia asihofu, nina mpango.

Sina mpango. Nitakuwa nao kesho.

Alhamisi, 6 Machi

Mpango umepatikana. Wekundu ni watoro kwa asili. Nguruwe mtoro hafai shamba dogo, kila mtu anajua hilo. Kwa hiyo alfajiri, Shemeji akiwa bado anaburuta kabati lake, nikaenda kulegeza kamba ya lango lao. Sikulifungua. Nililegeza tu. Mengine ni hiari yao.

Wametoka wote. Moyo wangu mweupe kabisa.

Wameingia shamba la jirani, yule mzee aliyekuwa akipanga barua posta. Nikajua sasa patachimbika. Na kweli pamechimbika, lakini si nilivyotaka. Mzee alikuwa ameshavuna viazi vyake, ardhi imekuwa ngumu kama sakafu, na alikuwa akitafuta wa kumlimia. Wekundu wameilima. Wamepindua shamba zima kwa pua, wakala magugu na mizizi yake, na viazi vilivyosahaulika. Saa za chakula wakarudi wenyewe kwa mstari, kama wafanyakazi waliopigiwa kengele.

Mzee amekuja kwa Mheshimiwa. Nilidhani amekuja kushtaki. Amekuja kuomba waende tena kesho! Na ameagiza nusu nguruwe, mwekundu, alipe akichinjwa. Mteja wa kwanza wa getini. Mheshimiwa amesema huo ni ushahidi wenye uzito.

Shemeji ameitazama kamba ya lango kwa muda mrefu. Kisha akanitazama mimi. Akasema tu kwamba kamba hizi siku hizi hazidumu. Ana roho mbaya ya upole.

Jumapili, 9 Machi

Mapumziko. Nimefua. Mchinjaji amepita kunoa visu vyake kwenye jiwe letu, nami nikamchokoza kwa maneno ya pembeni ili nijue yeye yuko upande gani.

Kumbe Weusi wana kasoro ambayo sikuijua. Mchinjaji anasema nguruwe mweusi ukimmwagia maji ya moto na kumparua, mashina ya nywele yanabaki ndani ya ngozi, madoa meusi tele. Mteja wa mjini akiona madoa anadhani nyama ni chafu. Anairudisha. Nikamuuliza na ladha je? Akasema ladha ya mweusi haina mpinzani, mafuta yake yanayeyuka ulimini, lakini watu wananunua kwanza kwa macho.

Nimewaza mchana kutwa. Shida ni nywele. Basi nywele ziondolewe mapema!

Sijui kwa nini mchinjaji mzima mwenye miaka yote ile hakuliona hilo.

Jumanne, 11 Machi

Siku mbaya. Naiandika kwa kifupi.

Nilichukua wembe wa Shemeji, maana wangu umekufa, na sabuni ya kufulia. Nikaanza na nguruwe jike mkubwa, yule ninayemwita Bibi Harusi kwa sababu ya masikio yanayomfunika uso. Sijapata kuona mteja mtulivu vile. Haoni, hajui, anakunwa tu. Amelala usingizi na povu mgongoni. Nimenyoa ubavu wa kushoto wote, vizuri, hata kinyozi angenisifu. Nikawa namgeuza ili nianze wa kulia.

Mheshimiwa akaingia na mgeni. Mwenye hoteli, mtu mnene mwenye viatu vyeupe, amekuja kuangalia kama ataweza kununua nguruwe wazima kwa ajili ya jiko lake. Bibi Harusi akaamka, akasimama katikati yao, upande mmoja mweusi wenye manyoya, upande mwingine unang'aa kama sufuria.

Mwenye hoteli akauliza kama ugonjwa huu unaambukiza watu.

Nikasema si ugonjwa, ni usafi. Mheshimiwa akaniuliza nguruwe huyu anatoa ushahidi wa upande gani. Nikaficha mkono nyuma. Nilikuwa na wembe.

Jioni Shemeji kajinyoa ndevu. Alikuwa keshajinyoa shavu moja ndipo akanusa ule wembe. Amelala na ndevu za upande mmoja. Sasa shambani tuna wawili wa namna hiyo.

Mke wangu kapiga usiku huo huo akicheka mpaka akashindwa kusema. Kaka yake keshamsimulia. Nilifurahi kusikia kicheko chake, siku nyingi sijakisikia. Halafu kikaisha, akauliza kama kuna chumba watoto watakamolala, au anahesabu siku bure. Nikamwambia kipo. Nikamweleza dirisha linatazama wapi. Linatazama mlima. Hilo angalau ni kweli, nimelichungulia.

Alhamisi, 13 Machi

Nimeacha mambo ya sura. Sura ni ujinga. Jambo ni uzito.

Wekundu wanakula vya kuokota siku nzima, wanarudi wameshiba misuli. Weusi wangu wanakaa. Wananenepa, ndiyo, lakini polepole, kama mtu anayesoma barua ndefu. Nami mwisho wa mwezi unanikimbilia. Pumba Mheshimiwa anapima mwenyewe kwa debe, hakuna nyongeza.

Leo nilitumwa njia panda kununua misumari, nikapita penye meza ya Mama Samaki. Ana ndoo tatu za matumbo na vichwa na mapezi. Nikamuuliza anavipeleka wapi. Akasema anamlipa mtu akavitupe, na mtu mwenyewe mlevi. Nikamwambia mama, tangu leo usimlipe mtu. Akaniangalia juu mpaka chini.

"Una paka wangapi, kijana?"

Nikamwambia ni siri ya kikazi. Akasema siri yenye harufu kama hiyo haikai siri, ila ndoo nizirudishe zimeoshwa.

Nguvu ya samaki! Shuleni, kabla sijaacha darasa la sita, tulifundishwa kwamba samaki anajenga mwili. Nimechemsha kwenye pipa nyuma ya banda, nikachanganya na pumba. Weusi wamekula kwa sauti. Bibi Harusi amelamba hori mpaka limekauka. Hatimaye mtu ananielewa katika shamba hili.

Jumanne, 18 Machi

Wanaongezeka! Nawapima kwa kamba kifuani, kamba haifiki tena. Ngozi inang'aa. Hata Bibi Harusi, nywele za ubavu wa kushoto zimeanza kuota, laini kama za mtoto.

Mheshimiwa amepita, akasimama, akasema Weusi wamejitahidi. Kwa Mheshimiwa hayo ni maua. Nikainamisha kichwa kwa unyenyekevu.

Shida ndogo. Paka. Sijui wanatoka wapi. Asubuhi walikuwa wawili ukutani, jioni wamejaa kwenye paa la banda, wananitazama mimi, si nguruwe. Nikienda kisimani wananifuata. Shemeji anasema nimekuwa mtu wa watu. Chumbani ameanza kulala kichwa kikiwa mlangoni.

Usiku huu kaniita. Kasema: "Shemeji, sikiliza. Hicho unachowapa, acha leo. Nguruwe akila kitu, kinakaa kwenye mafuta yake. Mimi si adui yako."

Ndivyo asemavyo mtu anayeona anashindwa. Nimemshukuru kwa ushauri. Kesho naongeza ndoo.

Alhamisi, 27 Machi

Mchinjaji kafika na mapipa ya maji ya moto. Mmoja mwekundu, mmoja mweusi. Si Bibi Harusi, namshukuru Mungu, ni dume aliyehasiwa, mnene wa kupendeza. Nimempeleka mwenyewe, nikamkuna nyuma ya sikio njia nzima. Kazi ni kazi, lakini niliangalia pembeni.

Mweusi kampita mwekundu uzito mbali kabisa! Mafuta ya mgongo unene wa viganja viwili, meupe, magumu. Mchinjaji amegonga ubao kwa kidole, akasema kwa umbo hii ndiyo nyama. Kisha akainama karibu, akavuta pumzi, akakunja uso, akatazama visu vyake. Akauliza ni nani aliyevitumia kupaa samaki.

Nimesema labda ni paka. Walikuwa kumi na kitu pale. Akakubali.

Shemeji alikuwa akiosha matumbo ya mwekundu wake, akipiga mluzi, lakini mluzi haukuwa na furaha.

Nimempigia mke wangu. Nimemwambia ushindi uko mfukoni, awaage walimu wa watoto. Kasema ataaga ushindi ukitoka mfukoni.

Jumamosi, 29 Machi

Meza ndefu chini ya turubai, kitambaa cheupe. Sahani mbili kubwa, ya kwanza na ya pili, nyama imechomwa kwa chumvi tu. Mheshimiwa kichwani mwa meza na miwani yake ya kazi. Wateja: mzee wa posta, mwenye hoteli na viatu vyake, daktari wa mifugo, na mwalimu wa kwaya aliyesema ana ulimi usiodanganywa. Mimi na Shemeji tulisimama nyuma, mikono tumeifunga, mashati safi.

Sahani ya kwanza. Wanatafuna. Wanatikisa vichwa kukubali. Mzee wa posta kasema inamkumbusha jikoni kwa mama yake. Ngumu kidogo, kasema daktari, lakini ina maneno.

Sahani ya pili ikapita. Nikahesabu midomo. Mwalimu wa kwaya alitia kipande, akafumba macho, akafumbua. Akatia cha pili. Akaomba ndimu.

Ndimu! Nani anaomba ndimu kwenye nyama ya nguruwe?

Wote wakaanza kutazamana. Mzee wa posta alitoa kitu mdomoni kwa vidole, akakikagua kwenye mwanga akitafuta mwiba. Hatimaye mwenye hoteli, mtu wa adabu, akafuta mdomo na kusema: "Mheshimiwa, samaki huyu ni mtamu. Ila nyama ya pili bado hatujaletewa."

Paka mmoja akapanda mezani, akapita moja kwa moja sahani ya kwanza bila kuitazama, akachukua kipande sahani ya pili.

Mheshimiwa alivua miwani. Hakuniita jina, alinigeuzia uso tu. Hapo nilipaswa kunyamaza, nafahamu. Lakini nyumba ilikuwa inanitoka mikononi, mlango na kufuli lake, nikaona dirisha linalotazama mlima. Nikasogea mezani nikasema jamani, fikirini kibiashara. Mteja akija getini anapata nyama na samaki kwa safari moja. Hakuna shamba lingine linalotoa hivyo. Tunaweza hata kuandika kwenye ubao.

Mwalimu wa kwaya alicheka mpaka akapaliwa. Mheshimiwa akasema mshtakiwa akae chini. Hapakuwa na kiti. Nimekaa chini kwenye majani.

Jumatatu, 31 Machi

Hukumu imesomwa bandani, nguruwe wote wakiwepo.

Wekundu wamebaki. Wanajitafutia chakula, wanalima, nyama yao ni safi na mteja wa kwanza anaisubiri. Shemeji ndiye msimamizi. Nyumba ni yake.

Kuhusu Weusi, Mheshimiwa kasema hawana hatia. Chini ya ule uvundo mwenye hoteli alionja mafuta ambayo hajapata kuyaonja, na ameomba aletewe tena siku yatakapokuwa peke yake. Mwenye hatia ni mlishaji. Kwa hiyo kesi ya Weusi inaahirishwa. Watahamishiwa mteremko wa juu, kwenye mawe, pasipolimwa. Wale majani na maboga na si kingine. Mlishaji ahamie nao, kwenye kibanda cha mlinzi. Mwisho wa kila mwezi atachinjwa mmoja na kuonjwa. Siku nyama ya nguruwe itakapokuwa nyama ya nguruwe, mlishaji atashuka na kesi itafunguliwa upya.

Nikauliza inaweza kuchukua muda gani. Daktari wa mifugo alisema wiki nyingi, mafuta hayana haraka.

Sikula mchana. Nilifunga virago vyangu, si vingi. Shemeji alisimama mlangoni. Nikamwambia hongera, kwa ule mdomo wa kupongeza usiofika machoni. Nikamwambia vyumba viwili vitamfaa, atapata nafasi ya mluzi wake.

Akakaa kwenye kitanda changu. Akasema: "Wewe ulidhani mimi nashindania nini? Nitaoa nguruwe? Ile nyumba niliitaka kwa ajili ya dada na watoto. Nilijua nikikuachia wewe kuishinda, hawatakuja kamwe."

Nilijifanya natafuta kiatu chini ya kitanda. Nimekitafuta muda mrefu. Nilikuwa nimekivaa.

Jumamosi, 12 Aprili

Wamefika.

Shemeji alikwenda kuwachukua, nami nikaruhusiwa kushuka kwa saa moja. Nilioga kwenye pipa mara mbili, nikajisugua na majani ya mpera. Watoto wamerefuka. Yule mdogo alinisalimia shikamoo kama anavyomsalimia mtu wa kanisani, kisha akajificha nyuma ya mama yake. Nilikuwa nimetengeneza hotuba kidogo. Imepotea.

Mke wangu amezunguka nyumba. Amefungua kufuli, amelifunga, amelifungua tena. Amesimama dirishani akatazama mlima. Kisha akaja kwangu. Nikanyoosha mikono. Akasogea, akaninusa shingoni, akarudi nyuma hatua moja.

"Mume wangu, kaa huko huko juu. Njoo siku nguruwe wako watakaponuka nguruwe, na wewe unanuka wewe."

Halafu akanipa sufuria la chakula limefungwa vizuri, lina joto. Nimepanda nalo bila kulitikisa. Watoto walinipungia mkono kwa zamu. Sikugeuka mara nyingi, njia ina mawe.

Jumanne, 15 Aprili

Kutoka kibandani naona kila kitu. Naona bati la nyumba yangu. Naona nguo zikianikwa, naweza kusema ipi ni ya nani. Asubuhi moshi, jioni taa. Nilikuwa mbali na familia kwa safari ya siku mbili. Sasa niko mbali kwa safari ya kuvuta sigara moja, na ndiyo mbaya zaidi, maana nasikia mtoto akikohoa.

Weusi wanapenda huku. Bibi Harusi analala juani, manyoya yake ya kushoto yameyapita kimo ya kulia. Wanakula majani, wananuka samaki. Wanakula maboga, wananuka samaki. Paka watatu wamehamia na sisi.

Shemeji huleta maji na chakula cha dada yake, anakaa kidogo, ananipa habari. Mkubwa ameanza kumsaidia Mheshimiwa kuokota mayai. Mdogo anamuuliza mama yake yule mzee wa mlimani ni nani. Nikamwambia amjibu ni baba. Akasema alimjibu hivyo, mtoto hakuridhika.

Ananisihi nitulie. Majani na maboga, Shemeji, na muda. Hakuna dawa nyingine. Mwezi wa sita labda. Wa saba.

Wa saba! Mtoto atakuwa ameshanizoea kama mlima wenyewe.

Jumapili, 20 Aprili

Sikulala. Nimewaza, na nimelipata. Nashangaa lilikuwa wazi vile.

Ni nini kinachoondoa shombo la samaki? Muulize mwanamke yeyote jikoni. Si majani. Si maboga. Si daktari wa mifugo. Mwalimu wa kwaya mwenyewe alisema mbele ya mashahidi: ndimu. Ndimu na vitunguu. Sasa kama vinaondoa shombo sufuriani kwa nusu saa, vikiingia ndani ya nguruwe mwenyewe, akiwa hai, akivitembeza mwilini usiku na mchana, shombo litakaa wapi?

Ndimu wamezikataa, wametema zote. Bibi Harusi amenitazama kwa masikitiko, nadhani, ni vigumu kujua chini ya yale masikio. Lakini vitunguu wamevikubali! Na riziki ina njia zake. Huku nyuma ya mteremko kuna ghala la mfanyabiashara wa mazao. Vitunguu vilivyoanza kuota na kulainika anavitupa, magunia kwa magunia. Nimezungumza naye. Ananipa vyote, nimsafishie ghala. Kauliza nina supu ya watu wangapi. Nimemwambia ni siri ya kikazi.

Tangu mchana huu wanakula vitunguu, asubuhi, adhuhuri na jioni. Nimewanusa magharibi, mmoja mmoja, nimepiga magoti. Samaki simsikii kabisa! Macho yananitoka machozi, lakini samaki hayupo. Paka wameondoka wote watatu. Huo ni ushahidi wenye uzito, Mheshimiwa mwenyewe angeukubali.

Shemeji kaja na chakula, akasimama mbali, akavuta pumzi, akafungua mdomo aseme neno. Nimemzuia kwa mkono. Safari hii sitaki ushauri. Nimempa ujumbe apeleke nyumbani, neno kwa neno, akaurudia mbele yangu mara mbili huku akitazama chini.

Mchinjaji anakuja Jumamosi. Wataonja jioni ile ile. Basi mke wangu aoshe shuka, watoto wavae viatu, na sahani yangu iwekwe mezani pamoja na zao. Jumamosi, tarehe 26 Aprili, kabla taa haijawashwa, natelemka huu mlima na virago vyangu vyote, na hodi sipigi.